Methali ya Nyoka na Mwanawe Yapimwa

Methali ni mali tuliyoachiwa na wazee, nasi huitumia kama tutumiavyo jembe: hatuulizi ni nani aliyelifua, twalima tu. Walakini jembe bovu humwumiza yeye alishikaye, bali methali mbovu humwumiza mtu mwingine, na msemaji hurudi nyumbani salama. Kwa hiyo yafaa mara kwa mara tuzitoe methali zetu ghalani tuzipime. Leo naipima moja ambayo kila msomaji aijua: Mtoto wa nyoka ni nyoka. Nitaipima kama tupimavyo insha darasani: yasema nini, ina kweli kiasi gani, na yamfanyia nini yule anayeambiwa.

Sababu ya kuichagua ni hii. Katika kikao cha kamati ya shule moja ya mashambani, wilaya ya Bariadi, lililetwa shauri la mvulana wa darasa la tano. Alikutwa na unga wa uji wa shule, kiasi cha kilo mbili, ameufunga ndani ya sweta lake. Baba yake yu kifungoni kwa wizi wa ng'ombe. Mama yake aliondoka zamani. Mtoto akaa na bibi yake mzaa baba, mwanamke mzee mwenye macho mekundu, ambaye watu humsema kwa sauti ndogo akiisha kupita. Mzee mmoja wa kamati, mtu mwema na mwenye heshima kanisani na barazani, akasimama akasema, "Mwalimu, mtoto wa nyoka ni nyoka. Mwondoeni kabla hajawafundisha wenzake." Watu wote wakanyamaza, kama wanyamazavyo hukumu ikiisha kusomwa. Nami nilinyamaza, maana sikuwa na jibu. Mwenyekiti akaliahirisha shauri hata kikao kijacho. Haya niandikayo ndiyo jibu nililolikosa siku ile.

Kwanza tuitendee methali haki, maana ina kweli ndani yake. Mbuzi hazai kondoo. Mkulima wa Simiyu ajua kwamba mbegu ya pamba ina tabia yake, ndiyo maana wataalamu wa Ukiriguru wamechagua mbegu miaka mingi, wakiacha hii na kutunza ile. Mwanadamu naye huzaliwa na mbegu yake. Ndani ya chembe za mwili wetu mna maandishi madogo mno yaitwayo vinasaba au jeni, nusu yametoka kwa baba na nusu kwa mama. Hayo hugawa rangi, kimo na namna ya damu. Wala si mwili tu: hata tabia ina fungu lake katika urithi. Kila mama aliyezaa watoto watano amekwisha kuona kwamba mmoja alikuwa mkali tangu wiki ya kwanza na mwingine mpole, ingawa walinyonya ziwa lile lile. Mapacha wafananao kabisa, waliotenganishwa utotoni na kulelewa nyumba mbalimbali, wameonekana ukubwani kufanana katika mambo mengi ya tabia. Basi asemaye kwamba damu si kitu, huyo naye hasemi kweli.

Lakini sasa tuutazame mfano wenyewe, maana methali husimama au huanguka kwa mfano wake. Kwa nini nyoka? Nyoka wengi hutaga mayai wakaenda zao. Kitoto cha nyoka hutoka yaini pasipo mama wala shangazi, na siku hiyo hiyo chajua kuuma. Hakufundishwa na mtu. Mtoto wa mwanadamu je? Huzaliwa hajui hata kugeuka ubavu. Hubebwa mgongoni, hulishwa, hukemewa, husifiwa, hufundishwa kusema na kuchunga na kusali, na kazi hiyo yachukua miaka kumi na mitano na zaidi. Hapana kiumbe aleawaye muda mrefu kuliko sisi. Methali basi imemchukua kiumbe asiyelelewa, ikamfanya kuwa kioo cha kiumbe aliyeumbwa kulelewa. Hapo ndipo mfano uvunjikapo, na huvunjika mahali pale pale palipotakiwa kuwa na nguvu.

Tena hata yai halikai peke yake. Yai la mamba wa ziwa letu la Viktoria, likitagwa mchangani, halijaamua bado kama litatoa dume au jike. Joto la mchanga ndilo liamualo. Na wafuga nyuki watatushuhudia jambo lililo kubwa zaidi. Malkia wa mzinga na nyuki mtenda kazi hutoka katika mayai ya namna moja. Buu alishwaye siku zote chakula cha kimalkia huwa malkia, hutaga mayai na kuishi miaka. Buu aachishwaye chakula hicho mapema na kupewa asali na chavua huwa mtenda kazi, huruka mashambani, hulinda mlango kwa mwiba wake, na wakati wa kazi nyingi hufa baada ya wiki chache. Yai ni la namna moja. Mwili ni mwingine, mwenendo ni mwingine, maisha ni mengine. Kama nyuki ambaye akili yake ni ndogo kuliko punje ya mtama hufanywa hivi na malezi, tutasemaje juu ya mtoto wa darasa la tano?

Sasa nifike kwenye kosa kubwa la methali hii. Mtoto hurithi vitu viwili kwa baba yake, si kimoja. Hurithi damu, na hurithi nyumba. Katika nyumba mna chakula au njaa, vitabu au ukosefu wake, jina jema au jina baya, mfano wa kufuatwa na majirani wa kumsaidia au kumcheka. Vitu hivi viwili huja pamoja mkononi mwa mzazi mmoja, na mwenye kutazama kwa haraka huona kimoja tu, akakiita damu.

Wenye elimu nao wameanguka shimo hili. Mwaka 1869 Mwingereza Francis Galton alitoa kitabu kutaka kuonyesha kwamba akili kubwa hurithiwa. Alihesabu majaji wa Uingereza na jamaa zao, akaona kwamba wana wa wakubwa mara nyingi huwa wakubwa. Lakini mwana wa jaji hakupewa damu tu. Alipewa pia shule nzuri, mezani pa baba yake aliketi pamoja na majaji wengine, na jina lake lilimfungulia mlango kabla hajabisha. Galton aliviona viwili vikija pamoja, akakipa kimoja heshima yote. Mzee wetu wa kamati afanya hesabu ile ile, ila yeye ameigeuza: amehesabu wezi mahali pa majaji.

Mfano wa karibu zaidi uko jikoni kwetu. Kuni ni adimu katika nchi yetu, na wanawake wengi hupikia miti ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, ndani ya nyumba isiyo na dirisha la kutosha. Moshi wa miaka arobaini huyafanya macho kuwa mekundu. Binti apikaye pamoja na mama yake, akiishi hata uzeeni, naye atakuwa na macho mekundu. Ndipo watu husema, "Tazameni, ukoo ule ni mmoja." Nasi twajua, kwa aibu, kwamba katika mikoa ya Usukuma wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na macho mekundu yamehesabiwa kuwa ushahidi. Walichorithishana ni jiko. Dirisha moja na jiko lenye bomba la kutolea moshi lingekata urithi huo, wala hapana damu ya mtu ambayo ingemwagika.

Tusidhani pia kwamba methali hii hukaa vijijini tu. Ilipata kuvaa koti la daktari na kuja kutuhukumu sisi sote. Mwaka 1933 Wazungu kadha wa Nairobi waliunda chama cha kuchunguza namna ya kuboresha mbegu za watu. Mmoja wa viongozi wake alikuwa Dakta H. L. Gordon, aliyefanya kazi katika hospitali ya Mathari, ambaye alipima vichwa vya Waafrika. Mwenzake, F. W. Vint, alipima bongo za maiti wa Kiafrika, akatangaza matokeo yake mwaka 1934. Walidai kwamba ubongo wa Mwafrika una upungufu wa kuzaliwa nao, na wenye kupenda maneno hayo wakauliza kwa nini serikali itumie fedha kuwasomesha watu ambao damu yao haielimiki. Hawakuyapima vya kutosha yaliyozizunguka bongo hizo zilipokuwa hai: chakula, maradhi, kazi, shule ambayo haikuwapo. Msomaji mpenzi, wewe usomaye ukurasa huu ni jibu kwa Dakta Gordon. Lakini jiulize: ukiisha kukataa kuitwa mtoto wa nyoka, wapata wapi ruhusa ya kumwita jirani yako hivyo?

Juu ya akili twajua sasa mambo ambayo yangewanyamazisha watu wale. Mama mwenye mimba akikosa madini joto mwilini, ubongo wa mtoto huharibika kabla hajazaliwa, na kama mama zake na shangazi zake walikula chumvi ile ile, mji mzima waweza kuonekana mzito wa kufahamu kana kwamba ni laana ya ukoo. Katika miaka ya 1980 serikali ya Tanzania ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zenye upungufu mkubwa, na baadaye sheria ikataka chumvi itiwe madini hayo. Kilichoitwa damu kilitibiwa kwa chumvi.

Hapa msomaji atasema, "Basi, Mwalimu, tuitupe methali ya nyoka, tushike ile nyingine: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." La, ngoja. Hiyo nayo tuipime. Imetufaa mno katika kuwaonya wazazi, walakini ikiachwa peke yake huwa kali kama mwenzake. Mmarekani John Watson, katika miaka ya 1920, alidai kwamba akipewa watoto wachanga wenye afya angeweza kumfanya yeyote kati yao kuwa daktari au mwizi kama apendavyo, bila kutazama ukoo wake. Ni methali ile ile kwa lugha ya chuo. Na ubaya wake ni huu: kila mtoto mwenye upungufu huwa shtaka juu ya mama yake.

Wafikirieni wazazi wenye mtoto wa ugonjwa wa selimundu, ambao damu yao wote wawili imebeba urithi huo pasipo dalili. Kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kupata mtoto mgonjwa. Watoto wachanga walipopimwa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, yetu ikiwamo, karibu mmoja katika kila watano alionekana kuwa amebeba urithi huo kutoka kwa mzazi mmoja. Mtoto akiugua, akilia kwa maumivu ya mifupa, mama huambiwa kwamba hakumtunza, au alikiuka mwiko wakati wa mimba. Hakukosa neno. Vivyo hivyo mtoto mwenye ualbino: wazazi wote wawili wamempa, ingawa wao ni weusi, na mume amfukuzaye mke kwa sababu hiyo afukuza nusu ya kosa ambalo si kosa na kubaki na nusu nyingine mwilini mwake. Hapo malezi hayakufanya kitu. Lakini baada ya kuzaliwa malezi hufanya mengi: kofia pana, nguo ya mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua, dawati la mbele karibu na ubao, na ulinzi wa jirani dhidi ya wauaji. Mtoto yule yule, kwa vinasaba vile vile, aweza kufa kijana kwa saratani ya ngozi au akawa mwalimu na mzee mwenye wajukuu.

Kweli basi iko wapi kati ya methali mbili? Wengi hujibu kwamba iko katikati, nusu damu na nusu malezi. Jibu hilo si sahihi. Chukua shamba la pamba lenye hatua sabini kwa urefu na hatua sabini kwa upana. Ukubwa wake umefanywa na urefu au na upana? Swali halina maana. Ondoa kimoja, shamba halipo. Ndivyo ilivyo tabia ya mtu. Damu husema na nyumba, nyumba hujibu damu, na mtu hukua katika mazungumzo hayo.

Mwaka 2002 wataalamu waliowafuata kwa miaka mingi watoto wa mji wa Dunedin, New Zealand, walitangaza habari ifaayo kamati zetu zote. Walitazama kinasaba kimoja kihusikacho na kazi ya ubongo, kwa wavulana 442. Waliokuwa na namna dhaifu ya kinasaba hicho, tena wakateswa utotoni, wengi wao walikuwa wagomvi na wavunja sheria. Waliokuwa na namna hiyo hiyo lakini hawakuteswa hawakuwa wabaya kuliko wengine. Wachunguzi wengine wamejadili ukubwa wa jambo hilo, na hapana kinasaba kimoja kiwezacho kuitwa kinasaba cha wizi. Lakini fundisho li wazi: mbegu ile ile, katika nyumba isiyo na fimbo ya ukatili, haikuota mwiba.

Na kuna ajabu moja iliyobaki. Kwa muda wa vizazi vingi, nyumba huweza hata kuiandika damu upya. Kwa wanyama wanyonyeshao, mtoto akiisha kuachishwa ziwa, uwezo wa kusaga sukari ya maziwa hupungua, na ndivyo walivyo watu wengi duniani. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, mmoja wao akiwa Thomas Nyambo wa Muhimbili, walitangaza matokeo ya kuwapima watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Waliona kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki wana mabadiliko yao wenyewe katika vinasaba, yasiyotoka Ulaya, yawawezeshayo wengi kunywa maziwa mabichi ukubwani; na mabadiliko hayo yalienea katika miaka elfu kadha iliyopita. Kilichoanza ni mkono wa mtu: alifuga, akakamua, akamnywesha mwanawe. Katika miaka ya njaa wale ambao matumbo yao yalikubali maziwa walipona na kuzaa, na vizazi vyao vikaongezeka. Zizi liliingia katika damu. Hata selimundu ina habari kama hiyo: mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mwenye kubeba urithi huo kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria kali, ndiyo maana umeenea mahali penye mbu wengi. Damu si neno lililosemwa mara moja likaisha. Ni kumbukumbu ya jinsi wazee wetu walivyoishi.

Najua mzee wetu ni msomaji wa Biblia, naye ataniambia kwamba Yohana Mbatizaji aliwaita watu uzao wa nyoka. Kweli, aliwaita hivyo. Lakini aliwaambia nini baada ya hapo? Aliwataka wazae matunda ya toba, wala wasijivunie ukoo wa Ibrahimu. Kama mtoto wa nyoka hana budi kuwa nyoka, mahubiri ya mtoni yalikuwa ya bure. Tena asome Ezekieli sura ya 18. Wana wa Israeli walikuwa na methali yao juu ya baba walao zabibu mbichi na wana ambao meno yao hupata ganzi, na Bwana aliwakataza kuitumia tena katika Israeli, akasema kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Hapo twaona methali ikipimwa na kuondolewa hadharani. Sisi si wa kwanza kufanya kazi hii.

Basi nirudi kwenye unga. Mvulana yule aliiba. Sikatai, wala sitaki kamati inyamaze. Siku ile nilimwuliza alipokuwa akiupeleka unga ule. Alisema kwamba bibi hakuwa amepika tangu juzi yake. Kwa methali ya nyoka, kilo mbili zile ni damu ya baba ikitoka nje. Kwa macho yangu ni njaa ya watu wawili, mmoja wao mzee. Tukimfukuza, tutampa yote yaliyobaki ya urithi wa nyumba ya baba yake: kukaa bila kazi, kuchekwa, na marafiki wa porini. Miaka kumi ikipita, naye akifungwa, mzee wetu atasema, "Sikuwaambia?" Atakuwa amesahau kwamba kamati ndiyo iliyomlea.

Katika kikao kijacho nitaomba mambo matatu. Kijana aurudishe unga ule kwa kazi, akifagia ghala na kuchota maji ya jiko la shule kwa mwezi mmoja, mbele ya wote. Jina la bibi yake liandikwe kati ya wazee wasaidiwao na usharika. Na kabla ya mvua, vijana wa kanisa waende wakamtoboleeye dirisha jikoni mwake. Mzee wetu ni fundi wa matofali. Nitamwomba yeye awasimamie.